Nusu Mzunguko wa Nati

Treni ya Taveta iliingia stesheni ya Voi saa nne asubuhi ikiwa imechelewa, kama ilivyokuwa kawaida yake, na jukwaa zima likachangamka. Wanawake waliteremsha mikungu ya ndizi, wapagazi wakagombania masanduku ya Mhindi mmoja aliyeshuka na ukoo mzima, na wauza chai wakapenya katikati ya watu wakiwa na mabirika yao. Katikati ya vurugu hizo alisimama msichana aliyevaa gauni la buluu lenye madoadoa meupe, kitambaa cheupe kimemkaa kichwani vizuri, mkononi ameshika trei ndogo ya bati inayong'aa. Alikuwa akimtafuta mtu.

Zephaniah alimwona kabla hajaonwa. Alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli, Mdawida wa Mbololo katika milima ya Taita, miaka ishirini na saba, ovaroli lake limeshiba grisi. Tangu aajiriwe alikuwa akiwaambia wenzake kwamba hana haraka ya kuoa, na wenzake walikuwa wameshachoka kumsikiliza. Mpagazi mmoja akampiga yule msichana kumbo, trei ikamponyoka ikaangukia relini. Zephaniah alishuka, akaiokota, akaifuta kwa kipande cha mkono wa ovaroli ambacho bado kilikuwa safi.

"Hii ni ndogo mno kwa mandazi, dada," alisema. "Ukipanga matano imejaa. Faida utaiona lini?"

"Siuzi mandazi."

"Karanga, basi."

"Fundi, nipe trei yangu. Ninamtafuta mtu wa kunikatia mpira. Nimeambiwa hapa reli kuna Zephaniah anayejua mambo ya mvuke, lakini ana maneno mengi."

"Nani amekwambia ana maneno mengi?"

"Wewe, sasa hivi."

Zephaniah alicheka mpaka muuza chai akageuka. Msichana naye alijizuia kucheka, akashindwa. Alifungua leso, akatoa mpira wa duara, mweusi, umekauka na kupasukapasuka. Akaeleza kwamba anaitwa Wakio, kwao ni Werugha, na ni mpishi katika nyumba ya Bwana Renzo, yule Mtaliani wa kazi ya bomba la maji. Nyumbani humo mlikuwa na mashine ya kahawa iliyoletwa kutoka Italia, na mwezi mzima sasa maji yalikuwa yakivuja kuizunguka trei yake.

"Kahawa inapikwa kwa mashine?" Zephaniah aliuliza.

"Kwa mvuke. Kama gari-moshi lenu, ila ni ndogo na haichelewi."

Nyumba ya Mtaliani ilikuwa ndani ya uzio wa Wazungu, na katika mwaka huo wa 1955 mtu mweusi hakupita geti lile bila cheti chenye jina lake, siku yake na sababu yake. Askari wa getini alikuwa Mzee Bwanaheri, mtu wa pwani mwenye kofia nyeupe safi, ambaye hakumwonea mtu wala kumpendelea. Jumamosi saa nane alisoma cheti cha Zephaniah polepole, akakirudisha kwa mkono wa kulia.

"Fundi wa mashine. Pita, mwanangu. Usikanyage maua."

Mashine ilikuwa juu ya kabati la mbao nyeusi. Ilikuwa na tumbo la shaba la kuchemshia maji, mkono mrefu wa kuvuta chini ili mvuke usukume maji kwenye kahawa, kibomba chembamba cha kumwagia maji yaliyobaki, na chini kabisa palikuwa na nafasi ya ile trei ya kupokea matone. Kabati lenyewe lilikuwa la marehemu mama yake Mama Lidia, mke wa Bwana Renzo, na lilikuja Kenya kwa meli. Ndani yake Mama Lidia alihifadhi vitambaa vya meza vya arusi yake na picha za kaka yake aliyefia vitani. Wakio alimwonyesha yote hayo kwa sauti ya chini, na Zephaniah akayaona kwa macho yake.

Hakukimbilia spana. Alitoa trei, akakausha kila kitu kwa kitambaa, akatandika chini karatasi ya kaki ya kufungia sukari, kisha akavuta stuli akaketi.

"Sasa tunangoja nini?" Wakio aliuliza.

"Tone la kwanza. Maji ni laghai, unayaona hapa kumbe yametoka kule. Fundi anayekaza kabla hajajua tone la kwanza linatua wapi, huyo anakubahatishia."

Wakangoja, na kungoja kukawa na mazungumzo. Wakio alimwambia kwamba Mama Lidia amemwahidi barua mwezi wa Desemba. Mombasa kulikuwa na chuo cha wauguzi, na chuo hicho hakikumchukua msichana bila barua ya tabia njema kutoka kwa mwajiri wake.

"Bila hiyo barua nitapika makaroni mpaka meno yaishe," alisema. "Nikiipata, Januari nimo kwenye treni. Sare nimeshaiona, fundi. Nyeupe, na mkanda hapa kiunoni."

"Itakukaa."

"Umejuaje?"

"Jicho langu ni la kupimia. Ndiyo kazi yangu."

Tone la kwanza lilitua mbele, chini ya shingo ya mashine. Maji chumvi ya Voi yalikuwa yameacha ukoko mweupe na kuula mpira. Tone la pili lilitua kando ya kibomba, na hapo Zephaniah alichukua trei akaigeuza huku na huku, halafu akamtazama Wakio.

"Nani huiosha?"

"Mimi."

"Ukimaliza unairudisha hivi? Umeitia nyuma mbele, mama. Mdomo wake haufiki chini ya kibomba. Kila siku maji yanashuka, na trei imeyapa mgongo."

Wakio aliufunika uso wake kwa aproni. Zephaniah akakwangua ukoko, akauosha kwa siki, akakata mpira mpya kutoka kwenye kipande kilichobaki karakana, akautia mahali pake. Wakangoja tena nusu saa na karatasi ikabaki kavu. Alipokuwa akishuka kwenda mjini alijilaumu kwa kuimaliza kazi vizuri kiasi hicho.

Wiki mbili zilipita bila habari. Mchana mmoja Kitheka, karani wa simu hapo stesheni, Mkamba mcheshi aliyejua siri za mji mzima na hakuuza hata moja, alitoa kichwa dirishani akamwita.

"Zephaniah, njoo. Kuna sauti hapa imenifanya nitafute kitana."

Zephaniah alipokea simu kwa mkono wenye grisi.

"Fundi, ni Wakio. Kuna tone."

"Tone gani?"

"Tone la maji. Kwani unataka nikutajie na jina la baba yake?"

"Linatokea upande gani?"

"Upande wa huku. Njoo ujionee. Cheti kitakuwa getini."

Jumamosi alikwenda na mkoba mzima. Alikausha, akatandika karatasi ya kaki, akaketi. Saa nzima ikapita na karatasi haikupata hata doa.

"Wakio, hapa hakuna tone."

"Lilikuwepo."

"Likaenda wapi?"

"Joto la Voi unalijua. Limekauka." Alikuwa amemgeuzia mgongo, anaosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. "Na kwa vile umeshafika, nimekupikia."

Siku hiyo Zephaniah alikula makaroni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisema ni matamu. Ukweli ni kwamba hakujua ladha yake, maana macho yalikuwa na kazi nyingine.

Tangu hapo, mara moja au mbili kwa mwezi, simu ililia. Mara kijiko cha kutilia kahawa kimekwama, mara mkono wa mashine unalia, mara Bwana Renzo anataka ikaguliwe. Jumapili Wakio aliwapikia wageni wa Mama Lidia, na Alhamisi alipokwenda sokoni Zephaniah alikuwa chini ya injini, hivyo mapenzi yao yote yaliota jikoni, katikati ya karatasi ya kaki na harufu ya kahawa. Zephaniah alijifunza kwamba Wakio akikasirika huimba. Naye Wakio alijifunza kumwita "kipenzi" kwenye simu kwa sauti ambayo Kitheka hakuisikia, ingawa aliinamisha sikio mpaka kiti kikalia.

"Baada ya Januari nitatuma wazee Werugha," alimwambia siku moja.

"Watume wakiwa na viatu vizuri, kule ni matope. Na baba yangu hapendi watu wanaoongea sana."

"Basi mimi nibaki nyumbani."

"Wewe ubaki kabisa," Wakio alisema, akamfuta masizi shavuni kwa kidole chake kimoja.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Novemba Zephaniah aliitwa kuikagua mashine kabla ya safari. Mama Lidia na mumewe walikuwa wakienda Malindi kwa siku nane, na Wakio angepanda kwao Werugha siku hizohizo. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa na jambo la kumwambia, alisema, ila atalisema akirudi, na hata akibembelezwa hatalisema leo. Kisha aliitwa ndani akafunge mizigo, Zephaniah akabaki na mashine peke yake.

Alifungua nati ya kile kibomba, akaisafisha, akairudisha. Aliikaza, na mkono wake ukasimama kabla ya mwisho. Ilibaki nusu mzunguko tu. Alipiga hesabu ya siku: nane za Malindi, halafu Desemba, halafu Mombasa. Mashine hii ikiwa nzima haikuwa na sababu ya kumwita tena, na bila sababu hakuna cheti, na bila cheti Mzee Bwanaheri angemsalimia vizuri na kumrudisha. Vitone vichache vingeshukia kwenye trei, Wakio akirudi angeviona, na simu ingelia. Hakuona ubaya wowote. Aliiacha nati ilivyo, akaifuta ing'ae.

Mkobani alikuwa na pima maji, ile ya mbao yenye kichupa, ambayo ingemwonyesha kwamba kabati lilikuwa limeinama kidogo kuelekea ukutani. Tone lisingeshukia kwenye trei. Lingefuata kibomba kwa nyuma na kushuka kabatini. Hakuitoa.

"Kipenzi," Wakio aliuliza alipomsindikiza mlangoni, "tumbo la mashine nilimwage maji tukiondoka?"

"Acha limejaa. Mpira ukikauka utapasuka."

Hilo la mpira lilikuwa kweli, na ndiyo maana alilisema bila kusita. Wakio alifanya kama alivyoambiwa na fundi wake.

Simu ililia Jumatatu, siku tisa baadaye. Zephaniah alikimbia akitabasamu. Ofisini alimkuta bwana stesheni, Mzungu mwenyewe, amesimama mezani kwa Kitheka akikagua daftari, hivyo alichukua simu na kujibana ukutani.

"Kipenzi, umerudi?"

"Zephaniah." Sauti ilikuwa kavu. "Tumbo lote la mashine limemwagikia kabatini. Siku zote hizo. Vitambaa vimeota ukungu. Picha za kaka yake zimegandana, Mama anajaribu kuzibandua zinachanika. Analia tangu asubuhi. Amesema niondoke, na barua haniandikii."

Zephaniah alihamishia simu sikio la pili.

"Nakuuliza jambo moja. Usikasirike. Ile nati uliikaza mpaka mwisho?"

Bwana stesheni alifunua ukurasa. Kitheka alikuwa amekaa wima, hatazami popote. Zephaniah alifikiria kazi yake, akafikiria jina lake la fundi, akafikiria uso wa Wakio akisikia, na hofu ikamtangulia.

"Niliikaza," alisema. "Labda trei haikuingia vizuri."

Zephaniah alisikia mtu akilia kwa mbali, mwanamke mtu mzima.

"Basi ni mimi," Wakio alisema. "Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Lazima niliigeuza tena. Nisamehe kwa kukushuku, kipenzi. Sijui nilifikiria nini."

"Usijali," Zephaniah alisema.

Aliweka simu chini, akarudi chini ya injini, na hakukaza kitu chochote mchana ule.

Siku nne hakula vizuri. Alijiambia kwamba yaliyomwagika hayazoleki kwa maneno, kwamba hata akisema vitambaa havitapona. Alijiambia mengi. Usiku alikuwa akisikia lile neno lake, usijali, alivyolisema kwa upole wa mtu anayesamehe. Ijumaa aliomba ruhusa, akavaa shati safi, akapanda mpaka getini bila cheti.

"Sababu?" Mzee Bwanaheri aliuliza.

"Nimekuja kukiri kosa, mzee."

Mzee alimtazama, akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Hiyo haijawahi kuletwa hapa," alisema, akaenda mwenyewe kumwita Mama Lidia.

Zephaniah alieleza amesimama jikoni, mbele ya mashine. Hakuacha kitu, si nati, si pima maji, si simu. Bwana Renzo alishika nati kwa vidole viwili akaizungusha nusu, ikafika mwisho wake. Mama Lidia alisikiliza mpaka mwisho, na Kiswahili chake cha kuungaunga kikawa kidogo zaidi.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuitwa, Mama."

Mama Lidia hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nimefukuza mtoto mzuri," akaketi mezani, akavuta karatasi na kalamu. Barua ilikuwa kurasa mbili. Alipompa alimwambia asimpe mtu mwingine yeyote aifikishe, aipeleke yeye mwenyewe kwa Wakio.

Kesho yake alipanda basi la Wundanyi na kutoka hapo akatembea. Werugha ilikuwa ndani ya ukungu, migomba inadondosha maji, ng'ombe wanasikika bila kuonekana. Mama yake Wakio, Mama Tryphena, alimpokea kwa heshima kwa sababu alikuwa amesikia habari zake nzuri, na hilo lilimuumiza kuliko kama angefukuzwa. Wakio alikuwa shambani kwenye matuta ya kabeji, amevaa sweta kuukuu la baba yake, miguu imejaa udongo. Alipomwona alitabasamu kabla hajakumbuka kuhuzunika. Zephaniah alisema yote hapohapo, haraka, kabla lile tabasamu halijamvunja nguvu.

Lilizimika taratibu. Wakio aliifungua barua, akaisoma amesimama, akaisoma tena.

"Ameandika vizuri," alisema.

"Ameandika ukweli."

"Na wewe ukweli wako ulimpelekea yeye kwanza."

"Nilitaka nije na barua mkononi. Nisije mikono mitupu."

"Zephaniah, ile nati ungeniambia tungecheka. Labda ningekupiga na mwiko kwanza. Hata mimi niliwahi kukuita kwa tone ambalo halikuwepo. Nati ningekusamehe kabla hujamaliza kusema." Aliikunja barua, akaitia ndani ya sweta isilowe. "Lakini nilikuomba msamaha. Nimesimama na simu, Mama analia nyuma yangu, nafukuzwa, halafu nakuomba wewe msamaha. Ukaniambia nisijali."

"Niliogopa. Bwana stesheni alikuwa..."

"Najua uliogopa. Tangu siku ile nalala naisukuma ile trei kichwani mwangu. Naitoa, naisukuma. Naitoa, naisukuma. Nikawa nauchukia mkono wangu huu." Aliunyoosha mbele yake, una udongo mpaka kwenye kifundo. "Ulikuwa unajua, na ukaniacha nao."

"Nakupenda, Wakio. Nitafanya lolote."

"Na siku nyingine ukiogopa? Tukiwa na nyumba, na watoto, ukaogopa tena, nani atabeba?"

Mama Tryphena alimwita Zephaniah kutoka mlangoni, maziwa yamechemka. Alikunywa kikombe kizima kwa sababu kukataa kungekuwa utovu wa adabu, akashukuru, akashuka mlima. Wakio hakumsindikiza.

Chuo kilimpokea. Habari hizo zilipita kwa Kitheka, na Jumanne ya pili ya Januari Kitheka huyohuyo alimwambia Zephaniah treni gani na behewa gani. Zephaniah alikuwa kwenye injini ya treni hiyohiyo, anaijaza maji, na hakushuka. Alimwona kwa mbali akifika na sanduku la bati, blauzi nyeupe, sketi ya kijani kibichi, viatu vyeusi vipya vinavyombana. Alidhani ataingia behewani moja kwa moja. Wakio aliliacha sanduku kwa mpagazi akatembea jukwaa zima mpaka mbele, kwenye moshi.

"Fundi," alisema.

Aliposhuka walisimama karibu, si karibu sana.

"Viatu vinakuuma," Zephaniah alisema.

"Jicho lako la kupimia bado zima." Alijaribu kucheka, macho yakamjaa. "Sikutaka kuondoka kama mtu anayekukimbia. Nilikupenda sana, Zephaniah. Ndiyo maana siwezi."

"Naweza kukuandikia?"

"Andika. Kujibu siahidi."

Alitoa mkobani karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili, ngumu kama kitu kilicholowa kikakaushwa juani, akamtia mkononi. "Mama Lidia aliikuta kwenye droo ya kabati, kati ya vitambaa. Nilikuwa nimekufichia. Ndilo jambo nililosema nitakuambia nikirudi."

Filimbi ikalia. Wakio alirudi kwa hatua za haraka, akipita kati ya wauza ndizi, na hakugeuka mpaka alipofika mlangoni. Hapo aligeuka. Kisha treni ikamchukua.

Zephaniah aliikunjua karatasi akiwa peke yake kando ya tangi la maji. Wino ulikuwa umetawanyika, lakini mwandiko wa Mama Lidia ulikuwa mkubwa na ulisomeka. Kilikuwa cheti cha geti. *Zephaniah, mchumba wa Wakio. Aruhusiwe kila Jumapili mchana.* Tarehe ilikuwa kumi na nane Novemba, siku moja kabla ya ile nati. Alisoma mara nyingi, akaketi juu ya reli akalia, na wenzake karakana walimwona wakaendelea na kazi zao.

Aliandika barua tatu. Hakupata jibu.

Mwezi wa Machi, Jumanne moja yenye joto kali, Kitheka alimwita dirishani bila utani wowote. "Nyumba ya Mtaliani," alisema. "Mashine inavuja." Zephaniah alikuwa ameshafika nusu ya kilima, mbio, ndipo akakumbuka nani hayupo. Alipunguza mwendo, akafika getini akihema.

"Cheti, mwanangu," alisema Mzee Bwanaheri.

Alitia mkono mfukoni akatoa karatasi bila kuitazama. Mzee aliisogeza karibu na macho, akaisoma polepole kama alivyosoma vyote. Alikawia sana kuirudisha.

"Hiki ni cha Jumapili," alisema kwa upole. "Leo Jumanne. Lakini pita, wameniambia kwamba umeitwa."

Mpishi mpya aliitwa Peris, msichana mchangamfu wa Mwatate. Alikuwa na hofu, maji yalikuwa yanazunguka trei na Mama alikuwa amemwonya. Zephaniah alitazama mara moja tu. Alichomoa trei, akaigeuza mbele nyuma, akairudisha, mdomo wake ukakaa chini ya kibomba.

"Umejuaje?" Peris aliuliza.

"Wengi huigeuza," alisema.

Angeweza kuondoka. Badala yake alitoa pima maji, akailaza juu ya kabati, akatia vijiti vyembamba chini ya miguu ya nyuma mpaka kichupa kikatulia katikati. Akapitia nati zote, moja moja, mpaka mwisho wake. Akatandika karatasi ya kaki, akavuta ile stuli, akaketi kungoja. Peris alikwenda kuosha vyombo. Saa nzima ilipita na karatasi ikabaki kavu.

Mama Lidia aliingia akasimama mlangoni. Hawakuwa wameonana tangu Desemba.

"Imepona?"

"Imepona, Mama. Haitavuja tena."

"Basi hakuna haja ya kukuita."

"Hakuna," Zephaniah alisema. Aliikunja karatasi ya kaki, akafunga mkoba wake, akatoka.